Losheni na Dhamiri ya Mkristo



Katika waraka wa Laudato Si' (2015), Papa Fransisko alitukumbusha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, si la kiuchumi tu. Basi hata losheni tuipime kwa vigezo vitatu vya Katekisimu (Na. 1750).

1. Nia. Kutunza ngozi ni jambo jema, maana mwili ni zawadi ya Mungu. Lakini nia njema haihalalishi njia mbaya.

2. Kitu kinachochaguliwa. Kwa miaka mingi vipodozi vilijaribiwa kwa kutiwa machoni mwa sungura. Katekisimu (Na. 2418) inafundisha kuwa kuwatesa wanyama bila ulazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Je, ni lazima? Hapana. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na maduka yake hayajakosa losheni.

3. Mazingira ya tendo, pamoja na matokeo yake. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi hudhuru figo za anayejipaka, kisha huoshwa bafuni na kuingia katika maji ya wengine.

Tufanye nini? Tusome maandishi ya chupa. Neno "asilia" peke yake halithibitishi kitu. Alama ya Leaping Bunny, yenye sungura anayeruka, huonyesha kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama. Asiyemudu bei asihuzunike: mafuta safi ya nazi huwatosha wengi.

Swali la kutafakari: Nani ameumia ili mimi ning'ae?