Kabla Ghorofa Haijapanda Kabiria

Dagoretti iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963 ikiwa bado nchi ya mashamba ya familia. Warithi wamegawana mashamba hayo, na leo Kabiria ploti iliyokuwa na sukuma wiki inaota ghorofa. Barabara, bahati mbaya, haioti.

Chukua mfano wa jengo la ghorofa nane, kila moja ikiwa na nyumba nne. Hizo ni nyumba 32. Kila nyumba ikitoa wafanyakazi wawili, watu 64 wanatafuta gari asubuhi: karibu matatu tano za viti 14, kutoka lango moja tu. Maji taka yao nayo yanataka njia.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ombi la ujenzi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Uamuzi ukitolewa, mkazi asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Hivyo bango la ujenzi lisomwe mapema, na mwenye ploti aulizwe magari yataegeshwa wapi na maji taka yataelekea wapi.