Chai ya Leo na Bonasi ya Oktoba

Somo: Mhubiri 3:12-13, Mithali 6:6-8

Sisi watu wa chai tunajua kungoja. Mche mpya unakaa kama miaka mitatu kabla hujauchuma vizuri. Malipo ya kila mwezi ni kidogo, halafu macho yote yako Oktoba, kwa bonasi. Kutoka Litein mpaka Mogogosiek, karo, mabati, hata harusi, zote zinangoja Oktoba.

Kupanga si dhambi. Chungu anasifiwa kwa kuweka akiba wakati wa mavuno, na mimi niliyesomea biashara siwezi kukwambia utupe daftari la hesabu. Lakini Mhubiri, aliyekuwa na mali kuliko bonasi zetu zote tukizichanga, anafundisha kwamba kula, kunywa na kufurahia jasho lako ni zawadi ya Mungu. Angalia hapo: zawadi, si mshahara. Mshahara ndio unangoja mwisho wa mwezi.

Mwaka jana nilikuwa natafuta pesa ya ploti. Kila jioni binti yangu ananiletea chai, mimi niko na hesabu kwa simu. Siku moja akasimama tu hapo mlangoni. "Baba, hiki ni kikombe cha tatu kinapoa." Ploti yenyewe bado sijanunua.

Zoezi la nyumbani: kabla ya ibada ya Jumatano, kaeni pamoja jioni moja, na chai au mursik, simu ziwe mbali. Kila mtu amshukuru Mungu kwa kitu cha siku hiyo hiyo. Bonasi msiitaje.