Simu Mpya, Sheria Mpya: Kwa Nini Oda Haziiti na Picha za Bidhaa Hazionekani

Somo la leo ni la simu, lakini ukilisoma hadi mwisho utaona ni somo la pesa.

Hapa Igowole wengi wetu duka letu ni simu. Mzigo uko chumbani au kwenye fremu ndogo, mteja yuko Mafinga, Nyololo au Mgololo, na kinachotuunganisha naye ni simu tu. Simu ikibadilika tabia, ni sawa na mtu aje usiku akubadilishie kitasa cha duka. Asubuhi unafika na ufunguo wako ule ule, mlango hauingiliki.

Siku hizi naulizwa maswali yanayofanana. "Mbona tangu ninunue simu mpya oda haziiti?" "Mbona picha nilizopiga leo apu haizioni?" "Mbona apu yangu ya daftari la mauzo inakataa kuingia?" Wengi wanadhani wameuziwa simu feki, au fundi kachezea kitu. Mara nyingi simu ni nzima kabisa. Kilichobadilika ni sheria.

Iko hivi. Karibu kila mwaka Google wanatoa toleo jipya la Android, ule mfumo unaoendesha Tecno, Infinix, Samsung, Xiaomi na nyingine nyingi tulizo nazo mkononi. Android 13 ilitoka Agosti 2022, Android 14 ikatoka Oktoba 2023, Android 15 ikaja 2024 na Android 16 ikatoka Juni 2025. Sisi tunaona rangi na mwonekano mpya. Lakini ndani yake kuna maelekezo kwa watengenezaji wa apu: apu inaweza kufanya nini yenyewe, na nini lazima imwombe mwenye simu kwanza. Wao wanayasoma maelekezo hayo. Sisi hatuyasomi, ila oda ikipotea ni ya kwetu.

Shika jambo moja tu, mengine yatakuwa mepesi. Zamani, kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015, ukiingiza apu ulikuwa unakubali ruhusa zake zote kwa mkupuo: namba za watu wako, picha, meseji, kipaza sauti. Milango yote wazi. Tangu hapo kila toleo linafunga mlango mwingine. Siku hizi mlango umefungwa mpaka wewe uufungue. Kwa hiyo kazi ya mwenye duka ni kujua upi afungue na upi auache umefungwa.

Kabla hatujaendelea, angalia simu yako ni toleo gani. Ingia Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, tafuta palipoandikwa toleo la Android. Umeona namba? Haya, twende.

1. ODA HAZIITI

Kuanzia Android 13, apu mpya unayoingiza haina ruhusa ya kukutumia arifa. Lazima ikuombe kwanza. Unapoifungua mara ya kwanza inatokea karatasi ndogo ikiuliza kama unaruhusu arifa. Ukibonyeza Usiruhusu, oda itaingia, meseji itaingia, ila simu itakaa kimya. Na ukiendelea kukataa, simu inaacha kabisa kukuuliza.

Kuna dada mmoja hapa kwetu anauza nguo za watoto. Alibadilisha simu mwisho wa mwezi, wakati ambao watu wana hela. Akaingiza apu zake zote haraka haraka, kila swali likitokea anabonyeza kukataa ili amalize. Kwa siku mbili akawa anasema biashara imelala. Nilipomwambia afungue apu aangalie ndani, wateja wanne walikuwa wameshauliza bei na saizi. Wawili walikuwa wameshanunua kwingine. Apu haikuwa na kosa, ilikuwa inafuata sheria ya simu.

Ukiboresha simu ile ile kutoka toleo la zamani, kwa kawaida apu ulizokuwa nazo zinaendelea na arifa zake. Tatizo linakuja unaponunua simu mpya, au unapofuta apu na kuirudisha.

Cha kufanya: Mipangilio, kisha Programu, chagua apu unayouzia, ingia Arifa, washa. Fanya hivyo kwa WhatsApp Business, Instagram, Facebook na apu ya huduma ya pesa unayotumia. Ukiwa hapo hapo, angalia upande wa Betri. Simu nyingi zinazima apu zilizokaa nyuma ili kuokoa chaji. Ile apu moja au mbili zinazokuletea wateja, zipe ruhusa ya kutumia betri bila vizuizi. Nyingine ziache zilale.

2. PICHA ZA LEO HAZIONEKANI

Hili linasumbua sana wauza viatu, vitenge na vyombo, maana sisi kila mzigo mpya ni picha mpya.

Kwenye Android 14, apu ikiomba kuona picha zako unapewa njia tatu: kuiruhusu kuona zote, kuchagua picha chache tu, au kukataa. Ukichagua chache, apu itaziona hizo ulizozigusa siku hiyo tu. Kesho ukipiga picha za mzigo mpya, kwa apu hiyo ni kama hazipo. Unaweza kuhangaika nusu saa ukidhani kamera imeharibika.

Usikimbilie kufungua zote. Kwenye simu hiyo hiyo una picha za watoto, picha ya kitambulisho chako cha NIDA, labda na karatasi za benki. Apu ya kuunganisha picha za bidhaa haihitaji kuviona hivyo. Mimi napendekeza hivi: apu kubwa unayouzia kila siku, kama unaiamini, ipe ruhusa ya picha zote ikiwa kuchagua kunakuchelewesha. Apu ya kupamba picha uliyoipakua jana, ipe picha chache, na siku ukiwa na mzigo mpya urudi kwenye Ruhusa uongeze nyingine.

3. RUHUSA ZINAZOJIFUTA ZENYEWE

Hii wachache wanaijua. Kuanzia Android 11, apu usiyoifungua kwa miezi kadhaa inanyang'anywa ruhusa zake na simu yenyewe. Android 12 ikaongeza: apu hiyo inalazwa, hata kutuma arifa inaacha.

Kwa mtu anayeuza mwaka mzima hakuna shida. Ila wengine tunauza kwa msimu. Kuna anayeuza sare na madaftari Januari tu, kuna anayeuza masweta baridi ya Juni na Julai inapobana. Ukiwa na apu maalumu ya msimu huo, ukiifungua baada ya miezi mingi utakuta haioni picha na haiiti. Wiki moja kabla msimu haujaanza, ifungue, irudishie ruhusa, kisha mwombe rafiki akutumie oda ya majaribio. Kama huipendi tabia hiyo kwa apu fulani, ndani ya ukurasa wa apu hiyo kwenye Mipangilio kuna sehemu ya kuizima.

4. DAFTARI LA MAUZO LINAKATAA KUINGIA

Hapa kuna pesa na kumbukumbu, soma taratibu.

Android 14 inakataa kuingiza apu zilizotengenezwa kwa sheria za kabla ya Android 6.0. Android 15 imepandisha kiwango kidogo tena. Sababu yake ni kwamba watengenezaji wa apu za wizi walikuwa wanajifanya apu yao ni ya zamani, ili wapate ile milango yote wazi bila kumuuliza mtu. Na Google Play nayo ina sharti lake: apu ambayo mtengenezaji wake ameacha kuiboresha kwa muda mrefu haionyeshwi tena kwa mteja mpya mwenye simu ya toleo jipya.

Sasa fikiria una apu ndogo ya kuandika mauzo na madeni, umeizoea miaka mitano. Kwenye simu ya zamani inafanya kazi vizuri. Ukihamia simu mpya, unaitafuta huioni. Ukirushiwa na mwenzako, inakataa kuingia. Orodha ya wote wanaodaiwa imebaki kwenye simu uliyokwisha kumuuzia mtu.

Kwa hiyo usiuze wala kufuta simu ya zamani kabla hujafanya mambo matatu. Kwanza, toa kumbukumbu zako nje ya apu: nyingi zina sehemu ya kuhifadhi au kutuma faili, jitumie kwenye barua pepe yako. Kama haina sehemu hiyo, kaa jioni moja na kalamu, andika madeni yote kwenye daftari la karatasi. Pili, ingiza apu kwenye simu mpya na uone kama inakubali. Tatu, angalia Google Play apu hiyo iliboreshwa lini mara ya mwisho. Kama ni miaka mingi imepita, anza kutafuta nyingine sasa hivi, wakati bado una muda wa kuhamisha polepole.

Na kwa mwenye simu ya zamani sana: tangu tarehe 24 Oktoba 2023, WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu iliyo chini ya Android 5.0. Ukinunua simu ya mkononi kwa mtu, uliza toleo kabla hujatoa hela.

5. APU ZA KUTUMIWA NA NAMBA ZA SIRI

Ukitumiwa faili la apu kwenye WhatsApp, lenye maneno matamu ya mkopo wa haraka au ya kuongeza wafuasi, simu yenye Android 13 kwenda juu itaizuia isipewe ruhusa mbili za hatari: ile ya kusoma arifa zako zote, na ile ya ufikivu, yaani ya kusoma skrini na kubonyeza badala yako. Itakuandikia kwamba mpangilio huo umezuiwa. Mtu aliyekutumia atakuelekeza kwa simu namna ya kuukwepa uzuio. Ukiona mtu anakufundisha kukwepa ulinzi wa simu yako mwenyewe, kata simu.

Android 15 imekwenda mbali zaidi. Namba ya siri ya mara moja, ile inayokuja kwa meseji unapoingia kwenye akaunti, inafichwa isisomwe na apu zinazochungulia arifa. Kwa hiyo apu iliyokuwa inaisoma namba hiyo kupitia arifa inaweza kukutaka uandike kwa mkono. Ni sekunde kumi tu, vumilia.

Suala la mikopo halihusu simu tu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Google Play nayo tangu 31 Mei 2023 imezikataza apu za mikopo binafsi kuomba namba za watu wako na picha zako. Kwa hiyo apu ya mkopo ikikuomba orodha ya majina yaliyomo kwenye simu, ujue imevunja sharti au haikupitia huko kabisa. Na majina yale ni wateja wako. Ukichelewesha marejesho, meseji za kudhalilisha zitaenda kwao. Mteja akishatumiwa meseji ya aibu kwa sababu ya namba aliyokupa wewe, hatarudi.

Hata sheria iko upande huo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kazi hapa Tanzania. Namba ya mteja siyo mali yako ya kugawa.

RATIBA YA DAKIKA KUMI

Kila ukinunua simu mpya, au simu ikimaliza kujiboresha, kabla hujapost chochote fanya hivi:

- Mwambie mtu akutumie meseji kwenye kila apu unayouzia. Imeita? Haijaita, nenda kwenye Arifa.
- Piga picha moja ya bidhaa, jaribu kuipandisha. Haionekani, nenda kwenye Ruhusa za picha.
- Fungua daftari lako la mauzo, hakikisha madeni yapo.
- Ingia Ruhusa, fungua orodha ya majina na orodha ya meseji. Apu yoyote isiyo na sababu ya kuwemo humo, itoe.
- Mtumie mtu shilingi kidogo, naye akurudishie. Hakikisha meseji ya muamala inaingia, na salio lako linalingana nayo.

Usiboreshe simu asubuhi ya siku yenye oda nyingi, wala ukiwa na chaji ndogo au bando la kuisha. Fanya usiku baada ya kufunga hesabu, ili kukiwa na tatizo ulione wewe kabla mteja hajaliona.

Fungua mlango wa oda, fungua wa picha za bidhaa. Wa majina na meseji za watu uache umefungwa.

Hifadhi somo hili, na umrushie mwenzako anayelalamika kwamba biashara imelala. Inawezekana kilicholala ni arifa tu. Niandikie kwenye maoni simu yako ni Android ngapi na apu gani inakusumbua, tusaidiane hapa hapa.