Piga Makofi Chumbani Kabla Hujanunua Maiki

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nina barua ya mdogo wetu wa Mbagala, mwalimu wa chekechea. Anasimulia hadithi mpaka wazazi wanaokuja kuchukua watoto wanakaa chini kusikiliza, na sasa ameamua kuzirekodi. Anaandika: “Dada, nina laki mbili, nimejibana miezi mitatu. Ninaishi chumba na sebule, chini marumaru, kuta tupu, juu dari ya jipsamu na bati. Dukani wamenionyesha maiki ya kondensa, ina mkono wa chuma na sponji yake, wanasema ndiyo wanayotumia studio. Niichukue?”

Usiichukue. Hiyo laki mbili irudishe kwenye pochi, tuongee kwanza.

Mimi niliichukua. Zamani kidogo, nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kusoma kitabu kwa sauti, nilikimbilia duka moja nikatoka na kondensa nyeusi inayong’aa, nikajiona nimeshafika. Nikaifunga mezani, nikakaa mbali nayo kama nusu mita, mgongo wima, nikasoma sura nzima bila kukosea. Nilipovaa hedfoni kusikiliza, nilikuta jirani anasugua sufuria, bodaboda inapanda kilima, jogoo wa mama mwenye nyumba anachangia kila aya, na katikati yao mimi, nasikika kama mtu anayeongea ndani ya tangi tupu la maji. Nikaituma hivyohivyo, kwa ujinga wa ujana. Mteja alijibu kwa sentensi moja: “Dada, ulirekodia bafuni?”

Ile maiki haikuwa mbovu. Ilikuwa inasikia vizuri kupita kiasi, na chumba changu hakikuwa na jambo lolote zuri la kusikilizwa.

Sasa twende taratibu. Maiki utakazokutana nazo madukani ni za aina mbili kubwa. Kondensa ndani yake ina utando mwembamba sana uliowekwa karibu na bamba la chuma, kati yao kuna chaji ya umeme, na utando ukitikisika hata kidogo maiki inajua. Ndiyo maana zile za studio zinahitaji kulishwa umeme, kwa kawaida volti 48, kutoka kwenye mixa au saundikadi. Dainamiki ina utando mzito zaidi uliounganishwa na koili ndogo ya waya ndani ya sumaku. Haihitaji kulishwa, haiogopi vumbi wala kuanguka sana, na inataka sauti iifikie kwa nguvu ndipo iamke. Ile ya kichwa cha wavu ambayo MC anaizungusha mkononi harusini ni dainamiki. Shure SM58, maarufu sana kati ya maiki za umbo lile, imekuwa sokoni tangu 1966 na bado inauzwa.

Na usidhani dainamiki ni ya kelele za ukumbini tu. Michael Jackson alipoimba “Billie Jean” kwenye albamu ya Thriller ya 1982, fundi wake Bruce Swedien alimwekea Shure SM7, ambayo ni dainamiki. Hizi kubwa tunazoziona mbele ya midomo ya watangazaji wa redio nazo mara nyingi ni za ukoo huo.

Hapa lazima nikuambie kitu ambacho wauzaji hawakuambii, na hata baadhi ya mafundi wanakikosea. Watu husema dainamiki “inakata mwangwi”. Haikati. Hakuna maiki inayojua ipi ni sauti yako na ipi ni sauti yako iliyogonga ukuta ikarudi. Kinachoamua ni umbali wa mdomo wako. Ukisogea kutoka sentimita 20 hadi 10, sauti yako inayoingia kwenye maiki inapanda takribani desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa. Kwa hiyo unapunguza kitasa cha kuongeza sauti, na chumba kinashuka pamoja nacho. Dainamiki inakusaidia kwa sababu inakulazimisha usogee, na inavumilia kusogelewa. Iweke nusu mita kutoka mdomoni, pandisha kitasa mpaka mwisho, na jogoo wa mama mwenye nyumba atarudi kwenye kazi yako kama kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fanya hivi. Simama katikati ya chumba unachotaka kurekodia, zima feni, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi wa “tiii” unaobaki hewani baada ya kofi, hapo ni kuta na marumaru zinarushiana sauti. Kisha nenda kapige kofi jingine ukiwa umesimama mbele ya kabati lililo wazi lenye nguo nyingi, au pembeni ya kitanda penye godoro na mablanketi. Utasikia tofauti mwenyewe, bila fundi. Ukishaipata ile sehemu ambayo kofi linakufa mara moja, hapo ndipo studio yako, hata kama ni kona kati ya kabati na mlango.

Watu wengi hukosea pa kuweka godoro. Wanalibandika nyuma ya maiki, ukutani, kwa sababu ndiko wanakotazama wakiongea. Lakini maiki nyingi za bei nafuu za kuongelea, zile za kadioidi, zinasikia zaidi mbele na karibu haziisikii kabisa sehemu ya nyuma yake. Mbele yake kuna nini? Kuna wewe, na nyuma yako kuna ukuta. Ukuta ulio nyuma ya kisogo chako ndio maiki inauangalia. Simamisha godoro huko kwanza. Kama una blanketi zito la ziada, litundike ubavuni, upande wenye dirisha. Khanga haisaidii, mdogo wangu, ni nyembamba mno. Wala neti ya mbu, hata uikunje mara nne. Nenda soko la Karume ukatafute mablanketi na mapazia mazito ya mtumba. Hayo ndiyo yatakuwa matumizi yako bora kwenye ile laki mbili, na usiku ukimaliza kazi unajifunika.

Sponji nyembamba za pembe pembe zinazouzwa kubandikwa ukutani ziache. Zinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, basi. Hazizuii kelele ya nje hata ya mtoto anayelia, na chumba kikibandikwa vipande kumi tu kinabaki na mvumo wa chini unaofanya sauti yako isikike imefumbwa.

Haya, tuje kwenye maiki yenyewe. Kwa chumba chako na fedha yako, tafuta dainamiki yenye USB. Inachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, na kwa simu nyingi za Android unaongeza kile kiunganishi kidogo cha OTG. Hununui saundikadi wala mixa. Samson Q2U ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wa mwanzo kwa sababu ina njia zote mbili, USB na XLR (ule waya wa kwenda kwenye mixa au saundikadi), ina tundu la hedfoni la kujisikiliza, na inakuja na kistandi chake cha mezani. Juu ya bei yake ya Marekani weka usafiri na ushuru wa huku, kwa hiyo huenda ikakupita mfuko. Ikikupita, Fifine AM8 ni ya njia hiyohiyo, dainamiki, USB na XLR, na ni rahisi zaidi. Taa zake za rangi usizijali, zina kitufe cha kuzimia.

SM58 yenyewe? Ni imara, utaiachia wajukuu, lakini inatoka na XLR tu, na sauti yake ni ndogo kwenye waya mpaka uipandishe sana. Ukiichomeka kwenye saundikadi ya bei poa utasikia “shshsh” chini ya kila neno. Tena ni moja ya maiki zinazoghushiwa sana duniani, kwa hiyo ukiuziwa kwa bei ya chips mayai ujue ulichouziwa. SM7B, ndugu ya ile SM7 ya Michael Jackson na ya bei kubwa, usiniulizie kabisa. Inataka kusukumwa zaidi hata ya SM58.

Kama laki mbili imepata dharura, na najua mambo ya mtaani, kuna maiki ndogo za kubana kwenye kola. BOYA BY-M1 wengi mnaijua, ile yenye waya wa mita 6. Inasikia pande zote, kwa hiyo chumba tupu itakisikia chote. Lakini ukiingia chini ya blanketi zito na kuibana sentimita 15 hivi chini ya kidevu, unapata sauti inayosikilizika bila aibu. Swichi yake inachanganya watu kila siku: kwa simu unaiweka upande ulioandikwa “off”, maana hapo inalishwa na simu yenyewe, upande wa kamera ndio unaotumia kibetri. Na angalia kwanza kama simu yako bado ina tundu la hedfoni, mpya nyingi zimeliziba.

Dukani usione haya. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye simu yako, urekodi dakika moja ukiongea, kisha nyamaza sekunde kumi. Sikiliza zile sekunde kumi kwa hedfoni zako. Kariakoo haina ukimya, najua, lakini mvumo wa maiki mbovu unausikia hata ndani ya kelele, ni “zzzz” isiyopumzika. Akikataa kukujaribishia, muage kwa upole.

Ukishafika nayo nyumbani, kaa nayo karibu. Sentimita 8 mpaka 10, upana wa ngumi yako. Sauti itakuwa nzito kidogo kuliko ulivyozoea, kwa sababu maiki za kadioidi huongeza besi ukizisogelea. Ikizidi, rudi nyuma kidole kimoja. Usiongelee katikati ya maiki, igeuze kidogo pembeni, iwe inatazama kona ya mdomo wako. Kiswahili chetu kimejaa P. Sema “papa na pweza walipita pwani” mbele ya maiki iliyonyooka uone inavyopasuka kila P kama mtu anapuliza moto. Ukiigeuza, ule upepo unapita kando na sauti inabaki. Soksi ya kike iliyovutwa juu ya kiwaya cha mviringo nayo inafanya kazi ileile ya vichujio vinavyouzwa.

Kwenye programu, Audacity ni ya bure na inatosha kabisa, angalia ile mistari ya kijani: maneno yako makubwa yafike karibu na -12, yasiguse 0. Kila ukianza kurekodi, acha sekunde kumi za kimya. Audacity inatumia hicho kimya kujifunza mvumo wa feni au friji kisha inaupunguza. Mwangwi haiwezi. Jogoo pia haiwezi, nimejaribu.

Na saa ya kurekodi ni sehemu ya vifaa. Alfajiri sahau: adhana, jogoo, ndoo bombani, halafu dereva wa bajaji anapasha injini. Mvua ikinyesha juu ya bati, nenda kapike. Kwangu mimi saa nzuri imekuwa kuanzia saa nne usiku, baada ya taarabu ya jirani kuisha na kabla mbwa hawajaanza kikao chao. Kwako mtaa wako utakuambia. Kaa siku tatu ukisikiliza tu, uandike saa zenye utulivu.

Najua umeshaiona ile kondensa na mkono wake wa chuma inavyopendeza. Iko siku utahamia nyumba yenye mazulia, makochi na makabati mawili ya vitabu, na hapo tutaizungumzia. Kwa leo, kabla hujatoa hata shilingi, ingia chini ya blanketi na simu uliyonayo, sentimita kumi kutoka mdomoni, urekodi dakika moja ya hadithi unayoipenda zaidi. Nitumie. Nikishaisikiliza ndipo nitakuambia ukanunue ipi.