Nani kapiga simu? Fardhi kifaya pale polisi wanapochelewa



Ndugu wasomaji, mwaka jana baada ya Isha nilikuwa nasubiri daladala katika stendi moja ya Dar es Salaam. Vijana wawili kwenye pikipiki walimpora mama mmoja pochi yake. Mkanda ulimvuta, akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Tulikuwa watu kama thelathini. Wote tulishtuka, wote tukasogea, na wote tukasimama. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikajiambia: katika watu wote hawa, lazima kuna aliyekwishapiga. Zikapita dakika kumi, labda zaidi. Ndipo mama lishe mmoja akauliza kwa sauti, "Nani kapiga simu?" Kimya. Akaninyooshea mwiko: "Wewe mwanangu mwenye kanzu ya kahawia, piga polisi. Na wewe wa bajaji, geuza, tumbebe mwenzetu."

Nikapiga 112. Bajaji iliondoka na majeruhi mapema kabla gari la polisi halijafika, na lilipofika stendi ilikuwa imebaki na watu watatu. Aibu ya zile dakika kumi ndiyo iliyonirudisha kwenye daftari langu la usul al-fiqh.

Fardhi kifaya tunaihifadhi tangu madrasa: wakiitekeleza baadhi, wengine wanaondokewa na jukumu, wakiiacha wote, wanapata dhambi wote waliojua na kuweza. Mfano wetu siku zote ni sala ya jeneza. Tunachokisahau ni sharti lililo katikati. Jukumu haliondoki kwa sababu wengine wapo. Linaondoka unapojua, au unapokuwa na dhana yenye nguvu, kwamba limetekelezwa. Kwenye jeneza unaiona safu kwa macho yako. Pale stendi mimi niliona migongo tu, nikaifanya kuwa dalili.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Tarehe 13 Machi 1964, Kitty Genovese aliuawa kwa kisu karibu na nyumbani kwake mjini New York, na gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 walishuhudia bila hata mmoja kuita polisi wakati wa shambulio. Habari ile ilikuja kuonekana imetiwa chumvi: waliouona mkasa wote walikuwa wachache sana, na jirani mmoja wa kike alishuka akampakata majeruhi. Lakini iliwasukuma John Darley na Bibb Latané kufanya jaribio lao la mwaka 1968. Mwanafunzi alisikia kupitia kipaza sauti mwenzake akipatwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla hajanyamaza. Waliodhani kuna wasikilizaji wengine wanne, asilimia 31 tu. Watu wale hawakuwa wakatili, wengi walikuwa wakitetemeka. Kila mmoja aligawa jukumu kwa idadi ya waliokuwepo, na fungu lake likawa dogo la kutomsukuma mtu kwenye kiti.

Fiqhi haigawi hivyo. Kabla halijatekelezwa, jukumu liko zima juu ya kila mwenye uwezo. Na linaweza kumwangukia mmoja likawa fardhi ain: akiwa ndiye pekee anayejua kuogelea kati ya waliosimama pwani, au ndiye pekee aliyesikia kilio. Ndiyo maana mafaqihi wamewajibisha kukata hata sala ya faradhi ili kumwokoa anayezama. Yule mama lishe hakusoma usul, lakini aliponinyooshea mwiko aliniondolea mahali pa kujificha. Likikukuta jambo kama lile, usipige kelele hewani "saidieni!" Mtaje mtu kwa nguo yake, mpe kazi moja.

Sasa kuna kosa la upande wa pili, nalo katika miji yetu ni kubwa kuliko kimya: watu wanaingilia kati, kisha wanaua. "Mwizi!" inapigwa, tairi linaletwa. Kila mtu anasema polisi wangechelewa. Wanafunzi wa madhehebu ya Shafi tufungue Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa kumzuia mshambuliaji. Pale amepanga kwa ngazi: akizuilika kwa maneno au kwa kuita msaada, ni haramu kumpiga, akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia fimbo, na hivyo hivyo kupanda. Kwa hiyo yowe ni ngazi ya kwanza ya ulinzi, na mwizi aliyekwisha kushikwa na kufungwa mikono hana tena shambulio la kuzuiwa. Kinachofuata hapo ni dhulma, na sisi ndio madhalimu. Mtume (SAW) alipoagiza tumnusuru ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, alieleza kwamba kumnusuru dhalimu ni kumzuia. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Pia hakuna anayekulazimisha kuvamia kisu kwa mikono mitupu. Wajibu wa kumtetea mwingine unasimama pale usipohofia nafsi yako. Lakini kupiga simu si kuvamia kisu. Wala hofu ya maswali ya fomu ya PF3 hospitalini haihesabiki hapa, ingawa najua inawarudisha nyuma wengi.

Mpaka hapa nimezungumzia polisi wanaochelewa kwa dakika. Mimi ni mtu wa Palma, kaskazini ya Cabo Delgado, na kwetu kuchelewa kulihesabiwa kwa miaka. Wazee na viongozi wa Kiislamu wa pwani yetu waliripoti kwa wakuu habari za vijana walioingia misikitini na viatu, wakiwakataza watoto shule ya serikali. Hawakukaa kimya, waliita. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wale walivamia Mocímboa da Praia, wakaanzia vituo vya polisi. Siku hiyo hata hapo pa kupiga simu pakawa ndipo panaposhambuliwa.

Basi wakabaki majirani. Mwezi Oktoba 2020, watu zaidi ya 10,000 walishuka kwa majahazi katika ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba (Pemba yetu ya Msumbiji, si ya Zanzibar). Wengi walilala katika nyumba za watu. Shangazi yangu alipokea kumi na wanne katika vyumba viwili. Alikuwa akishuka ufukweni kila baada ya Alfajiri, akiuliza chombo hadi chombo ni nani hajapata pa kulala. Hakudhani, aliuliza.

Tarehe 24 Machi 2021 ikafika zamu ya Palma. Wanajeshi walikuwepo Afungi, kwenye mradi wa gesi, kilomita chache kusini. Mitandao ya simu ilikatika. Watu kama 200 walijifungia katika hoteli ya Amarula wakingoja msaada, na siku mbili baadaye msafara wa magari uliojaribu kutoka ulishambuliwa njiani. Wengine walikimbilia porini, wengine baharini.

Mjomba wangu alikuwa na mashua. Alipakia watu mpaka maji yakagusa ukingo, akasukuma, na waliobaki wakawa wanampungia mikono kutoka mchangani. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma dini, likizo iliyopita aliniuliza hukumu yake. Nikamwambia yote niliyoyaandika hapa: kwamba jukumu ni kwa kadiri ya uwezo, kwamba kuzamisha waliomo ili kuwachukua waliobaki hakukuwajibika, kwamba In shaa Allah ana ujira kwa aliowavusha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kikombe chake cha chai. "Mwanangu," akasema, "wawili wangeingia."