Kusafisha Panga Lililochorwa kwa Asidi

Mwezi wa Oktoba ukifika, mahindi ya Kitale, na ya Ndalu, Tongaren na Naitiri upande wa Bungoma, huwa tayari kukatwa, na majirani husaidiana shamba hadi shamba. Jioni mapanga hurundikwa pamoja, yote ya namna moja, na hapo ugomvi huanza. Kwa hiyo wako wakulima ambao hupaka bapa nta ya nyuki, huandika jina kwa msumari, kisha hutia siki kali au maji ya betri juu ya herufi mpaka chuma kiumwe. Alama hiyo haifutiki upesi. Lakini mwenye panga akiona jina limetokea huridhika, akalitundika ukutani, na panga likaharibika.

Asidi haikomi kuuma kwa kuwa wewe umemaliza kazi. Hubaki ndani ya herufi na pembeni mwa nta, na asubuhi utakuta kutu nyekundu. Basi limwagie panga maji mengi safi. Koroga vijiko viwili vya magadi katika lita moja ya maji, ndani ya karai la plastiki. Usitumie sufuria, maana asidi na magadi hula alumini. Tia bapa humo. Ukiona mapovu, asidi ingalipo. Ngoja yakome, kisha suuza tena. Pasipo magadi, maji ya jivu yatafaa.

Ondoa nta kwa maji ya moto. Utaona weusi kama masizi umebaki juu ya chuma. Chukua gunzi la mahindi lililolowa, lichovye katika jivu laini, usugue kwa kufuata urefu wa bapa. Msasa laini ni bora zaidi, lakini usikazane juu ya herufi.

Hapa niseme neno juu ya maji ya betri. Mimi ningechagua siki, ingawa huchukua usiku mzima. Maji ya betri hupofusha macho. Yakikurukia, osha kwa maji mengi kwa robo saa, kisha nenda hospitali. Na yale ya betri kuukuu yana risasi, ambayo huua ng'ombe; magadi hayaiondoi sumu hiyo. Usiyatumie kabisa.

Panga likisha kusuguliwa, likaushe kwa kitambaa, kisha karibu na moto, si ndani ya moto. Chuma kikigeuka manjano au buluu, ugumu wake umepungua, wala makali hayatakaa. Lingali na joto kidogo, lipake mafuta ya mashine. Kisu cha jikoni au cha kuchinjia kipakwe mafuta ya kupikia yasiyo na chumvi.

Makali noa mwisho, kwa tupa kisha kinoo, kwa sababu asidi huyafifisha hata pale usipoona alama. Futa, paka mafuta tena. Usilitie katika ala ya ngozi siku hiyo, maana ngozi huvuta unyevu. Litundike mahali pakavu, na kesho yake lichungulie ndani ya herufi.