SOMO LETU: NAMBA YA MIZANI INATOKA WAPI?

Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Zamani tulitazama mshale wa mizani. Leo mahali pengi tunaonyeshwa tarakimu, na tukiuliza tunajibiwa kuwa mashine haikosei. Ni wajibu wetu kujua tarakimu hizo zinatoka wapi.

Ndani ya mizani mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana mzigo ukining'inizwa. Chipu ya kwanza hupima kupinda huko na kukugeuza kuwa namba. Chipu ya pili, ambayo ndiyo ubongo wa mizani, huipokea namba hiyo, huifanyia hesabu na kuonyesha kilo. Tuchukue mfano wa chipu ya kwanza iitwayo HX711, itumikayo sana na mafundi wanaojiundia mizani.

Chipu hizi huzungumza kwa nyaya mbili: mmoja wa mapigo, mwingine wa namba. Namba haipiti yote kwa mara moja. Hupita tarakimu moja moja, 0 au 1, jumla 24, ile yenye thamani kubwa ikitangulia. HX711 ikiwa tayari hushusha umeme katika waya wa namba. Ubongo hupiga mapigo 24, na kila pigo hutoa tarakimu moja. Pigo la 25 hufunga zamu na kuandaa kipimo kijacho.

Hatari ni kupotea kwa pigo moja tu. Kwa mfano, 00010100 ni 20. Zikisogea nafasi moja kushoto, 00101000 ni 40. Kulia, 00001010 ni 10. Tena, waya wa mapigo ukibaki na umeme kwa zaidi ya sehemu 60 za milioni za sekunde, kwa kuwa ubongo umekatizwa na kazi nyingine, HX711 huzimika katikati ya zamu. Wala haipeleki tarakimu yoyote ya kuhakiki.

Kwa hiyo fundi azuie ubongo kukatizwa wakati wa kusoma, asome mara kadhaa, na kuitupa namba iliyoruka mbali na nyingine.

Nasi tudai haya:

1. Kila asubuhi mizani ijaribiwe kwa jiwe la kilo zinazojulikana, mbele ya wachumaji.
2. Ikiwa tupu isome sifuri.
3. Namba ikiruka, kikapu kipimwe tena kabla karani hajaandika.

Tulijadili somo hili katika matawi yetu.